Kinanda cha Miguu

Kabla ya nota ya kwanza, kinanda cha parokia yetu kilikuwa kinakohoa. Walioimba korale Butembo na Beni, huku Kongo, miaka ya sabini watanielewa bila maelezo: Mwalimu aliketi, akavua viatu, akaweka nyayo juu ya vikanyagio viwili vilivyofunikwa zulia lililochakaa, akaanza kukanyaga kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ndani ya lile sanduku la mbao nyeusi kitu kikavuta pumzi, kikaguna, kikapiga mluzi mwembamba kupitia ufa ambao hakuna aliyewahi kuuona, mpaka hewa ikatosha na vidole vikashuka. Hapo ndipo tulipojua sauti yetu ianzie wapi. Kilinuka nta ya mishumaa, ngozi kuukuu na mafuta ya taa, maana chemli ilikaa juu yake kila Jumamosi jioni tulipofanya mazoezi, huko nje ukungu umeshashuka kwenye mikaratusi, na sisi tunaimba mikono imefichwa kwapani kwa baridi.

Leo piano ya umeme inawashwa kwa kidole. Haikohoi.

Kinanda kile, armoniumu kama tulivyokiita, kilikuwa mgeni sawa na mapadri waliokileta. Alexandre Debain alikibuni Paris katika miaka ya 1840, na misheni za nchi za joto hazikuchelewa kuona faida yake. Kinanda kikubwa cha mabomba kinadai ukuta mzima wa kanisa na fundi wa kudumu. Piano ina nyuzi, na nyuzi hupata kutu na kulegea. Albert Schweitzer alipokwenda Lambaréné, Gabon, mwaka 1913, chama cha wapenzi wa Bach cha Paris kilimpa piano yenye vikanyagio vya kinanda, iliyokingwa kwa zinki dhidi ya unyevu wa msituni. Misheni zisizo na marafiki wa aina hiyo zilinunua armoniumu: sanduku linalobebwa na wanaume wanne, ndimi za shaba zinazoshika sauti yake mwaka hadi mwaka, na mtambo wake ni mapaja ya mpigaji mwenyewe. Mapadri wa Assomption walifika katika nchi hii mwaka 1929. Beni ilipofanywa jimbo mwaka 1959, chini ya Monsinyori Henri Piérard, sauti ya kinanda cha miguu ilikuwa imeshazoeleka kiasi kwamba sisi tuliozaliwa karibu na miaka hiyo tulidhani ni sauti ya kanisa lenyewe, kama kengele.

Mwalimu hakuwa padri. Alikuwa baba wa watoto wengi, mwenye shamba la kahawa mlimani na koti moja la kijivu, aliyefundishwa kusoma nota na padri wa Ulaya aliyekwisha kurudi kwao kabla sisi hatujaanza darasa la kwanza. Ufunguo wa kinanda aliuvaa shingoni pamoja na medali ya Bikira Maria. Hakuna aliyekigusa bila yeye kuwapo, hata paroko. Kabla ya mazoezi alitoa mfukoni kitambaa cha flaneli, akafuta vibao vyote 61, kimoja kimoja, kuanzia besi, akipita polepole kwenye vile vilivyokuwa na rangi ya njano zaidi, tukimsubiri tumesimama na madaftari yetu. Mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, alikiita kinanda hicho mke-mwenza, na si kila mara alipokuwa akicheka.

Juu ya vibao kulikuwa na safu ya vifundo vya kuvuta, kila kimoja na kisahani cha kauri kilichoandikwa kwa Kifaransa: Flûte, Clarinette, Bourdon, Cor anglais. Tuliyajua majina hayo kwa moyo bila kuwahi kuona klarineti. Kifundo kimoja, Expression, tulikatazwa hata kukiota. Kwa kawaida hewa ya miguu huingia kwanza katika mfuko wa akiba, na mfuko huo unaifanya itoke sawasawa, hata mpigaji akikanyaga ovyo. Ukivuta Expression, mfuko unafungwa, hewa inakwenda moja kwa moja kutoka unyayoni hadi kwenye ndimi, na kila kutetemeka kwa mguu kunasikika kanisani kote. Ndipo kinanda kinapoweza kunong'ona na kupaza kama mtu. Ndipo pia mpigaji mbovu anapoumbuka. Mwalimu alikivuta mara chache: Ijumaa Kuu, mazishi, na siku ambazo alikuwa na jambo moyoni ambalo hakutuambia.

Piano ya sasa ina kidude cha kuongeza sauti. Kiko pembeni, na watu wengi hukiacha palepale kilipo tangu Januari hadi Desemba.

Matengenezo ndiyo yaliyomfanya akipende hivyo, nadhani. Vipuri havikuwapo Butembo, havikuwapo Goma, na Ulaya ilikuwa mbali, bei yake mbali zaidi. Mivukuto ilipopasuka, aliziba kwa ngozi ya mbuzi iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyembamba, na ngozi ilipokuwa ghali, kwa mpira wa ndani wa baiskeli na gundi ya seremala iliyochemshwa katika kopo la maziwa. Panya walikula kitambaa cha chini ya vibao. Akakata kofia yake ya sufu. Ulimi mmoja uliponyamaza, mara nyingi ilikuwa ni punje ya vumbi tu, akauchomoa kwa kindoano alichojitengenezea, akaupulizia, akaupiga mswaki laini, akaurudisha. Ulipokuwa umeshuka sauti alikwangua ncha yake kidogo, kidogo sana, maana shaba ikishaondoka hairudi. Ulipokuwa umepanda alikwangua karibu na shina. Alitueleza hayo huku akifanya, na sisi watatu au wanne tuliochaguliwa kushika taa tulijiona tumeingizwa jandoni kwa mara ya pili.

Sifa zake zilimfikisha Beni. Aliitwa huko kila vinanda vilipougua, naye alipanda juu ya lori la kahawa, kisanduku cha zana mapajani, akashuka kupitia Maboya kutoka kwenye baridi yetu hadi kwenye joto lao. Ni kilomita zaidi ya 50, na msimu wa mvua barabara iliamua yenyewe kama ni safari ya siku moja au tatu. Alirudi na malalamiko yaleyale: Beni mchwa hawana heshima, na gundi haikauki. Nadhani alifurahia kuhitajika.

Halafu kulikuwa na siasa. Watoto wa siku hizi hucheka nikiwaambia kwamba armoniumu ilipiga nyimbo za taifa. Mwaka 1960 korale ilijifunza Debout Congolais. Mwaka 1971 nchi ikageuzwa Zaire, ikaja La Zaïroise, na mwaka uliofuata majina yetu ya ubatizo yakafutwa kwenye madaftari ya shule. Shule za misheni zikachukuliwa na serikali mwishoni mwa mwaka 1974, zikarudishwa mwaka 1977 mambo yalipokuwa yameharibika. Katikati ya hayo Mwalimu aliulizwa kinanda ni mali ya nani, ya Mungu au ya chama cha Rais Mobutu. Alijibu kwamba ufunguo uko shingoni mwake. La Zaïroise aliipiga vizuri, kwa kuwa hakuweza kupiga kitu vibaya kwa makusudi, na alipenda kutukumbusha kwamba wimbo ule ulikuwa na mkono wa Mjesuiti, Simon-Pierre Boka, yuleyule aliyeshiriki kutunga wimbo wa kwanza. Mwaka 1997 Mobutu alipoondoka na Debout Congolais ikarudi, Mwalimu alikuwa mzee, lakini hakuhitaji karatasi.

Ugomvi wake mkubwa haukuwa na serikali. Ulikuwa na ngoma.

Mtaguso wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia Desemba 1963: ukakisifu kinanda cha mabomba, na papo hapo ukafungulia mlango muziki wa mataifa. Kwetu Kongo mlango ulikuwa umeshasukumwa. Huko Kamina padri Guido Haazen na vijana wake walikuwa wameimba Missa Luba, na mwaka 1958 wakaipeleka hadi Ubelgiji. Monsinyori Emmanuel Kataliko alipokuwa askofu wetu kuanzia 1966, ngoma ziliingia parokia moja baada ya nyingine, na Roma ilipoidhinisha misa ya Zaire mwaka 1988, watu walikuwa wanacheza mbele ya altare tangu zamani. Mwalimu aliziweka ngoma mbali naye kadiri kanisa lilivyoruhusu. Alidai zinakinyang'anya kinanda pumzi. Sisi vijana tulizitaka, tulichoka na Kilatini cha Missa de Angelis kilichokokotwa polepole kwa sababu hewa ya mivukuto haikutosha kukimbia.

Tulikuwa na haki. Na bado kuna jambo ambalo Mwalimu alilijua kabla yetu, nalo linamfanya awe zaidi ya mlinzi wa sanduku la kizungu. Mama zetu walipoimba Kinande shambani, sauti zao hazikutua kwenye vibao. Zilitua katikati, zilipanda zikiteleza, kwa kuwa Kinande ni lugha ya toni na wimbo ulifuata neno lilivyotaka kupanda na kushuka. Kinanda kilipowafuatisha, mmoja kati yao ilibidi aongope. Mwalimu alitusahihisha sisi watoto kwa kinanda bila huruma, lakini wale mama hakuwasahihisha kamwe. Nilimwona akibonyeza kibao nusu tu, na kukanyaga kwa unyayo mmoja, akitafuta ile sauti iliyoko mlangoni mwa nota, iliyo chini yake kwa kipande kidogo. Wakati mwingine aliipata. Alitabasamu peke yake, akaiacha.

Kinanda kilitunyosha sauti. Kilitunyima nyingine.

Uzee ulipowadia ngoma na miguu yake zilipatana zenyewe. Hakukubali kwa mdomo, ila tulimwona akikanyaga kwa mdundo wa ngoma kubwa, na misa zikaenda mbio kidogo.

Vinanda vya umeme vililetwa na wafanyabiashara. Butembo hatungojei mtu. Miaka ya tisini, serikali ikiwa imetusahau na vita vinatuzunguka, watu wetu walikuwa wanakwenda Dubai na baadaye Guangzhou, mizigo inapita Mombasa na Kampala, inavuka Kasindi, na pamoja na mabati, vitenge na pikipiki zikashuka Yamaha ndani ya maboksi yenye picha ya Mzungu anayecheka. Wakristo matajiri walizitoa sadaka. Ni sadaka nzuri: inaonekana, inasikika, na jina la mtoaji hutangazwa. Sijawahi kusikia tangazo la aliyetoa kipande cha ngozi ya mbuzi.

Kijana mmoja aliyejua mashine hizo alimwonyesha Mwalimu kitu ambacho alidhani kitamfurahisha. Mwaka 1991 watengenezaji wa dunia nzima walikubaliana orodha moja ya sauti 128, na namba 21 ndani ya orodha hiyo ni kinanda cha ndimi, yaani armoniumu. Yote, mbao, ngozi, shaba, imekuwa namba. Kijana akabonyeza 21, akapiga. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho wa ubeti, akasema ni safi, ni safi sana, kisha akashuka na macho chini ya meza, pale ambapo vikanyagio vingekuwa. Baadaye alikaa akaijaribu, miguu yake mitupu ikiendelea kukanyaga sakafu. Kijana alidhani ni uzee.

Nisiwe mwongo: zama hizi zina mambo ambayo zile hazikuwa nayo. Siku zetu hakuna msichana aliyekalia kile kiti. Kinanda kilikuwa cha waseminari na watoto wa kiume waliotazamiwa kuwa waseminari, na mabinti wenye masikio kutuzidi walisimama safu ya soprano wakitutazama tunakosea. Anayepiga parokiani kwetu sasa ni binti mwanafunzi. Anapokea wimbo mpya kwenye simu Jumatatu, anarekodi sauti nne, ya kila kundi peke yake, anazituma kwenye WhatsApp, na Jumamosi wanakorale wanafika wakiwa wameshajua. Sisi tulinakili nota kwa mkono, do, re, mi kwa herufi, kwa kalamu ya wino, na aliyekosea mstari aliwapotosha wenzake mwezi mzima. Wimbo ukiwa juu mno kwa waumini, yeye anabonyeza kitufe, na piano inashuka nota mbili. Mwalimu aliushusha kichwani, papo hapo, vibao vyote vipya chini ya vidole, na jasho likimtoka. Wimbo unashuka vilevile. Waumini hawajui tofauti, na sioni kwa nini waijue.

Tatizo ni umeme. Butembo ilikuwa mji wa mamia ya maelfu ya watu ikiishi kwa grupu, yaani jenereta, kila duka na la kwake, kila parokia na la kwake, harufu ya mazutu ikichanganyika na uvumba. Sasa kuna nyaya mtaani, na zinapokuwa na umeme ni raha. Zinapokosa, katikati ya Gloria sauti inakatika ghafla, bafle zinalia paa, na kwa nukta mbili kanisa linabaki na pengo. Halafu ngoma inaingia. Ile ile ngoma ya ugomvi. Inaibeba misa mpaka mwisho.

Mwalimu alikufa kabla ya Ebola, na nashukuru. Alizikwa na korale nzima, watu wamebanana, wamekumbatiana, na aliyepiga aliruhusiwa Expression. Wagonjwa wa kwanza walitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na mpaka mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamefariki, wengi wao wa miji na vijiji vyetu hivi. Mazishi yalifanywa na watu waliovaa mavazi ya plastiki. Tuliimba kwa mbali, au hatukuimba. Kila kitu kanisani kilipanguswa kwa maji ya klorini, piano pia, na piano ilivumilia. Ngozi ya mivukuto isingevumilia.

Upande wa Beni kuna hesabu nyingine, ambayo sisi wa Butembo tunapaswa kuisema kwa sauti ya chini. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya barabara ya Oicha na Eringeti vimechinjwa, vimekimbia, vimerudi, vimekimbia tena. Ndani ya mji wenyewe bomu lililipuka katika kanisa la Emmanuel Butsili, Jumapili ya tarehe 27 Juni 2021, kabla ya misa. Korale za huko hufanya mazoezi mchana, watu wafike nyumbani jua likiwepo. Na piano hailali kanisani. Inafungwa katika kitenge, inawekwa mgongoni mwa kijana juu ya pikipiki, na familia ikilazimika kuondoka usiku inaondoka nayo, pamoja na godoro na sufuria. Nimewaona wakimbizi wa ndani wakiimba misa chini ya turubai kwa piano ndogo iliyotembea hivyo, betri zake zimefungwa kwa plasta. Armoniumu haikimbii. Kule vijijini vinanda viliachwa ndani ya makanisa, na hakuna mwenye akili aliyerudi kuvichukua.

Kile cha kwetu kipo. Kimewekwa kwenye chumba cha nyuma ya sakristia, vitabu vya ubatizo vimepangwa juu yake, na oktava mbili za katikati bado zinatoa sauti ukiwa na subira na mapaja. Yule binti alikuja kuniomba nimwonyeshe ndani. Tulifungua ubao wa nyuma, nikamwonyesha kiraka cha mpira wa baiskeli, kofia ya sufu, ndimi zilizokwanguliwa ncha. Alipiga picha nyingi. Alivuta Expression bila kuniuliza, akakanyaga, ikatoka sauti ya kutisha, akacheka, akakanyaga tena polepole zaidi, na safari ya tatu akashika nota moja ikapanda ikashuka vizuri kabisa. Akaniuliza itagharimu kiasi gani kukitengeneza.

Nilifanya hesabu na seremala: ngozi, gundi, flaneli, siku zake za kazi. Tukaipeleka kwenye baraza la parokia. Siku hiyohiyo, kwa fedha hizohizo, kulikuwa na ombi la betri kubwa na paneli ya jua, ili piano isikatike katikati ya misa. Paroko, mtu wa haki, aliacha pande zote mbili ziongee. Mzee mmoja, bas mwenzangu wa zamani, alikitetea kinanda kwa ufasaha hadi akina mama wawili wakafuta macho, kisha kura ikapigwa kwa mikono.

Nilinyosha wangu kwa betri. Ilifungwa wiki iliyofuata, na mpaka sasa haijatuangusha.